Mara ya Kumi na Sita

Inspekta Kamanthe alifika Katelembo saa tano kasorobo asubuhi, na jambo la kwanza alilouliza ni nani aliyefagia matapishi.

Watu wa televisheni, kama ishirini hivi, walikuwa wamesimama katikati ya boma walilolikodi kwa kazi yao, kila mmoja akikagua viatu vyake. Mahali alipoangukia Mbithe, mwigizaji wao mkuu, palikuwa safi kabisa. Mtu alikuwa amepafagia na kupanyunyizia maji ili vumbi litulie.

"Nimeuliza swali."

"Ni mimi, afande," alisema mwanamume mnene wa miaka hamsini na kitu. Jina lake Onesmus, na kazi yake ilikuwa kutafuta na kutunza vyombo vyote vya mchezo: vigoda, mikuki, vyungu, vibuyu. "Nilifagia. Tuliambiwa tutarudia."

"Mrudie nini na mtu amebebwa hajitambui?"

"Hatukujua ni ukweli. Si hapo ndio anafaa kufa?"

Aibu ya jambo lenyewe ilikuwa hapo, na ndiyo iliyowainamisha wote. Walikuwa wakipiga picha za "Kibuyu cha Ndinda", tanzia ambayo kila aliyesoma shule za Machakos amewahi kukalishwa kwenye benchi aitazame. Ndinda ni mama anayeapa uongo mbele ya ukoo ili mwanawe asifukuzwe. Uongo ule unamuua mtoto wa mwingine, na mwishowe Ndinda anakunywa sumu hadharani. Kwa zaidi ya miaka arobaini mchezo ulikuwa wa jukwaani tu, kwenye kumbi za kanisa na za shule. Sasa ulikuwa unafanyiwa televisheni, na Ndinda alikuwa Mbithe, msichana wa miaka ishirini na sita. Asubuhi ile alikunywa, akatetemeka, akatapika, akaanguka. Wenzake walimpigia makofi karibu dakika nzima kabla mtu hajagundua kwamba haamki.

Simu ya Kamanthe ililia. Alikuwa Daktari Farhia, kutoka hospitali mjini.

"Inspekta, moyo wake unapiga ovyo. Waliomleta wameniambia kibuyu kilikuwa na dawa ya mifugo. Lakini dawa nyingi za aina hiyo hufinya mboni za macho, na zake zimepanuka. Sitaki kumtibu kwa kubahatisha."

"Unataka nini kutoka kwangu?"

"Vitu viwili. Amemeza nini, na kiasi gani. Nimetuma damu Nairobi, lakini majibu ni kesho kutwa."

"Una muda gani?"

"Ukiniletea jibu saa nane, sijui kama litakuwa na kazi."

Kamanthe alitazama saa yake. Alikuwa mpelelezi wa miaka kumi na tisa, na kesi zake nyingi zilihusu watu ambao tayari wamekufa, watu ambao hawana haraka tena. Hii ilimtia hofu, na hofu humfanya awe mkali.

"Kibuyu kiko wapi?"

Kilikuwa juu ya meza, kimefunikwa kwa gazeti. Uji uliobaki ulifika nusu. Kamanthe alimimina kiasi kwenye chupa safi, akaifunga, akampa Sajini Mulwa. Kisha akamgeukia Onesmus.

"Kimetoka wapi?"

"Ranchi moja huko Konza. Director alitaka kibuyu cha zamani, kile chenye moshi umeingia. Vya sokoni vinang'aa sana."

"Na huko ranchini walikitumia kufanya nini?"

Onesmus akalamba midomo. "Kupimia dawa ya kupe. Lakini hiyo ni miaka, afande! Nilikiosha. Maji moto, majivu, mchanga, siku tatu. Halafu kila uji nikiuweka, nilionja kwanza."

"Wewe ulimpa mtoto wa watu kibuyu cha dawa ya ng'ombe?" Aliyedakia ni Mwendwa, mwongozaji wa mchezo, kijana mrefu mwenye macho mekundu. "Afande, mshike huyu! Unangoja nini?"

"Director, si wewe ulisema unataka cha ukweli?"

"Nilisema cha ukweli, sikusema cha kuua!"

Onesmus alimtazama, akawatazama wengine mmoja mmoja, na hakuna aliyemtetea. Ghafla alinyakua kibuyu kwa mikono miwili, akakiinua, akanywa. Sajini Mulwa alimrukia, lakini alipomshika mkono uji ulikuwa umeisha. Onesmus alijipangusa mdomo kwa mkono wa shati. Machozi yalikuwa yanamtoka.

"Andika saa," alisema. "Niko na watoto wanne. Ningejua kuna kitu hapo ndani ningekunywa?"

"Pumbavu!" Kamanthe alimfokea. "Kunywa ushahidi ndiyo nini? Mulwa, mpeleke hospitali sasa hivi, umkalie hapo hapo. Na akitapika, mtu asifagie!"

Gari liliondoka. Kamanthe aliandika saa kweli: tano na dakika kumi. Hakumfuta Onesmus kwenye orodha ya washukiwa, ila alimsogeza chini. Mtu aliyetia sumu haonji mbele za watu asubuhi nzima.

Mwendwa alipelekwa kando, chini ya paa la ghala.

"Alikunywa mara ngapi?"

"Kumi na sita."

Kamanthe aliinua macho kutoka kwenye daftari. "Mimi niliuona huo mchezo darasa la saba. Ndinda anakunywa mara moja tu."

"Hiyo ni jukwaani. Unakunywa, watu wanalia, mnaenda nyumbani. Hapa kamera inataka uso. Halafu inataka mkono. Halafu koo likimeza. Halafu mtoto wake akimwangalia. Kila kitu kinarudiwa, teki baada ya teki. Tulianza saa kumi na mbili, na hiyo ya kumi na sita ilikuwa saa nne kasorobo."

"Uji wa nini?"

"Wimbi. Na sukari, ili asichoke nao."

"Alikuwaje akinywa?"

Mwendwa akasahau alipo kwa muda mfupi, uso ukamng'aa. "Afande, sijawahi kuona. Ule uso ulikuwa unajikunja kama ameonja nyongo. Jasho linatoka. Hata mikono inakataa. Nilijiambia huyu msichana amezaliwa na hii kitu."

"Kwa uji wa sukari?"

Uso wa Mwendwa ulizima. Kamanthe akaandika neno "uchungu", akalipigia mstari mara mbili.

Kati ya waliokuwa karibu na Mbithe, aliyebaki ni Tracy. Alikuwa ameketi kwenye kigoda na daftari nene magotini, msichana mdogo wa mwili mwenye kalamu nne nyweleni. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kila picha inafanana na iliyotangulia: shanga ziwe upande ule ule, jasho liwe lile lile, kibuyu kishikwe kwa mkono ule ule. Wenzake walikuwa wameshamnong'oneza Kamanthe kwamba Tracy aliomba kuwa Ndinda, akanyimwa, na kwamba ni yeye aliyekuwa akimpa Mbithe maji.

"Ulimchukia?" Kamanthe aliuliza bila kuketi.

"Wiki moja hivi," Tracy alisema. "Halafu nikamwona akifanya. Ikaisha."

"Maji uliyompa?"

"Hii chupa. Tumeinywa sisi wawili." Akainywa tena mbele yake, bila kuambiwa. Siku ile kila mtu alitaka kunywa kitu mbele ya polisi.

"Basi nisomee kila ulichoandika juu yake leo. Kila kitu, hata upuuzi."

Tracy alifungua daftari. Sauti yake ilikuwa ya kuchoka.

"Teki ya kwanza, sawa. Teki ya pili, uso umelegea, nikamwambia haufanani na wa kwanza. Ya tatu ikawa sawa tena. Ya sita, Mbithe anaomba tuzime jenereta, inampigia kelele masikioni."

"Mkazima?"

"Hakukuwa na jenereta, afande. Huwa inaharibu sauti, kwa hivyo tunatumia betri. Nilimwambia hakuna kitu kinalia. Akasema tunamcheza."

Kamanthe alivuta kigoda, akaketi. "Endelea."

"Ya tisa, hasikii mwenzake akimwita, anachelewa kugeuka. Ya kumi, kichefuchefu, tunapumzika dakika kumi. Ya kumi na mbili, anaomba taa iongezwe, anasema pamekuwa giza."

"Saa ngapi?"

"Saa tatu na kitu."

Wote wawili walitazama juu. Anga la Katelembo halikuwa na hata kipande cha wingu. Jua la saa tatu lilikuwa limewachoma wote shingoni, na alama bado walikuwa nazo.

"Mkafanya nini?"

"Director aliongeza taa," Tracy alisema polepole. "Akasema Mbithe ni kama ameingia kwa Ndinda kabisa."

"Una picha?"

Alikuwa nazo kwenye simu, moja kwa kila mara, Mbithe akiwa amesimama wima na leso yake ya rangi ya udongo ikiwa imefungwa begani. Kamanthe alizipitisha kwa kidole. Macho, mikono, shanga, kibuyu. Akarudi mwanzo, akapitisha tena, polepole. Kisha akaweka kidole juu ya fundo lililokuwa kwenye pindo la leso, karibu na kiuno.

"Hili fundo ni la mchezo?"

"Leso ilikuwa yake mwenyewe. Siku ya kwanza alikuja na hilo fundo, kwa hivyo nikaliandika, likae hivyo hivyo." Tracy alifungua ukurasa mwingine. "Lilinisumbua asubuhi yote. Teki ya kwanza ni kubwa kama ndimu. Ya saba limepungua, nikamwambia. Ya kumi na sita ni kitambaa tu."

Kamanthe aliziweka picha tatu sambamba. Ilikuwa kweli kabisa. Kila Mbithe alipokunywa, fundo lilipungua.

"Ulimwuliza anatoa nini hapo?"

"Nilimwuliza. Akacheka. Akasema, 'Hayo ni mambo ya akina Ndinda, wewe shughulika na shanga.'"

"Akina Ndinda ni akina nani?"

"Wale wameigiza zamani. Si wa kwanza kabisa alikuwa nyanya yake? Syokimau. Tulimpigia simu, sasa yuko hospitali."

Kamanthe alikuwa amesimama tayari. Tracy alimshika mkono wa koti, jambo ambalo hakuna mtu humfanyia polisi.

"Afande, mimi ndio nilimwambia uso ufanane. Kila mara. Nilimwambia kumi na sita zote zifanane."

Kamanthe alitaka kumwambia hakuna kosa hapo. Hakuwa na hakika, kwa hivyo hakusema.

Alifika mjini saa saba na robo. Muuguzi alimletea nguo za Mbithe kwenye mfuko wa karatasi. Leso ilikuwa na matapishi upande mmoja. Kwenye pindo, pale palipokuwa na fundo, palikuwa na unga mweupe na vipande vitatu vidogo vya kitu kilichosagwa kwa meno au kwa kucha. Havikuwa na harufu. Havikuwa na jina lolote juu yake.

Sajini Mulwa alikuja mbio kutoka chumba kingine. "Onesmus hana kitu, mkuu. Analia tu na kuomba chai."

Kwa hiyo haikuwa kibuyu. Kamanthe aliikunja leso na kutoka nje, kwenye benchi la ukumbini.

Syokimau alikuwa na miaka sabini na tisa. Aliketi wima, mikono juu ya mkoba, mwanamke aliyezoea kutazamwa. Alikuwa ameambiwa habari za kibuyu cha ranchi, na midomo yake ilikuwa ikisema maneno ya kumlaani Onesmus.

"Susu," Kamanthe alisema, akachuchumaa mbele yake, kama mjukuu yeyote wa kule anavyomwita nyanya yake. "Mimi ni Kamanthe, wa polisi. Sio kibuyu."

"Ni kibuyu. Wameniambia."

"Kibuyu kimenywewa na mwingine na yuko mzima. Mbithe alikuwa anakula kitu kutoka hapa." Alifunua pindo la leso. "Wewe unakijua."

Mikono ya kizee iliufinya mkoba. Alikijua. Ilionekana wazi.

"Siwezi kusema," Syokimau alisema.

"Nani amekukataza?"

"Ni mimi nilikataza. Ndinda wa kwanza nilikuwa mimi. Nilimwapisha wa pili, wa pili akamwapisha wa tatu. Hatuambii director, hatuambii mwanamume, hatuambii mtu. Ukisema, Ndinda anakufa kwa mikono yako." Aliinua kidevu. "Na hicho kitu hakiwezi kumdhuru. Sisi wote tumekitumia. Tulikuwa saba. Hakuna hata mmoja aliumwa kichwa."

"Saa saba na nusu inaingia, Susu. Daktari hana kitu cha kumpa."

"Atafutie kwa kibuyu."

Kamanthe alitaka kumshika mabega na kumtikisa. Badala yake alitoa simu, akaweka picha tatu mbele ya macho ya yule mama, ya kwanza, ya saba, ya mwisho.

"Tazama fundo. Ndinda anakunywa mara ngapi?"

"Mara moja."

"Leo asubuhi Mbithe amekunywa mara kumi na sita."

Syokimau alicheka kidogo, cheko la mtu anayemsahihisha mtoto. "Hapana. Ndinda hunywa mara moja, halafu anakufa, halafu pazia."

"Hakuna pazia, Susu. Televisheni inarudia. Wanataka uso, wanarudia. Wanataka mkono, wanarudia. Kila mara walimwambia uso ufanane na ule wa kwanza. Kumi na sita, asubuhi moja. Tazama fundo."

Mama mzee aliishika simu mwenyewe. Alizitazama picha kwa muda mrefu, akiisogeza na kuiondoa karibu na macho. Mkoba ulianguka na hakuuokota.

"Aliniomba ishirini," alisema. Sauti ya jukwaani ilikuwa imemtoka yote. "Nikamwuliza, ishirini za nini? Akasema kazi ni ndefu. Nikajua wataigiza siku ishirini. Moja kwa siku, na nne za kwanza alizitumia kwenye mazoezi. Nilimwambia moja, utafune kabla ya kibuyu, na uso utajikunja wenyewe, hakuna mtu atajua. Moja."

"Moja ya nini, Susu?"

"Kwinini," Syokimau alisema. "Za malaria. Ngai wakwa, Mungu wangu, nilimpa kwinini."

Kamanthe alikuwa ameshafika mlangoni. "Daktari! Kwinini! Vidonge, kumi na sita, kati ya saa kumi na mbili na saa nne kasorobo!"

"Vya kiasi gani?" Farhia alikuwa ametoka na glavu mikononi.

Syokimau alikuwa amepiga magoti sakafuni, akiuchakura mkoba. Alitoa mkebe wa kahawia. Farhia alisoma kibandiko, midomo yake ikihesabu. "Mia tatu. Mara kumi na sita. Karibu gramu tano." Akageuka akaita majina ya dawa na watu, na mlango ukajifunga nyuma yake. Saa ya ukutani ilikuwa saa nane kasoro dakika ishirini.

Walingoja. Kamanthe aliokota mkoba, akaketi kando ya Syokimau. Mwendwa alikuja, akasimama mbali, akashindwa kukaribia. Tracy alikuja na kalamu zake nyweleni. Onesmus, aliyekuwa ameruhusiwa, alileta chai ya watu wote na hakuna aliyeinywa.

Saa tisa na dakika tano Farhia alitoka. Alikuwa amelowa jasho kifuani.

"Moyo umeshika mwendo," alisema. "Ataishi."

Onesmus alipiga yowe. Tracy aliketi sakafuni pale pale. Kamanthe alifurahi, furaha kamili, akamshika Syokimau mkono wakaingia naye wadini. Hakuutazama vizuri uso wa daktari, na baadaye alijilaumu kwa hilo.

Mbithe alikuwa macho. Kichwa chake kilikuwa kimeinuliwa juu ya mto, na alikuwa akigeuka huku na huku taratibu.

"Tracy?" aliita, kwa sauti kubwa, kama mtu anayeshindana na mashine ya kusaga. "Tracy, mbona mmezima taa? Sijamaliza."

Dirisha lilikuwa wazi. Jua la saa tisa liliingia moja kwa moja, likajaa kitandani hadi magotini mwake. Farhia alipita upande wa pili, akawasha tochi ndogo, akaipitisha mbele ya macho yale mara mbili. Hayakuifuata.

Kamanthe alikumbuka mara ya kumi na mbili, na taa waliyoongeza.

"Inaweza kurudi," Farhia alimnong'oneza. "Kwa wengine hurudi yote. Kwa wengine nusu. Kwa wengine..."

"Director, washa basi!" Mbithe alisema. Alianza kuogopa. "Nani yuko hapo?"

Kamanthe alimtazama Syokimau, mwanamke aliyeapa uongo jukwaani mbele ya ukoo usiku baada ya usiku kwa ajili ya mtoto, na watu wakalia. Alitazamia uongo. Kwa kweli aliutamani. Syokimau aliketi ukingoni mwa kitanda, akainama hadi mdomo wake ukaligusa sikio la mjukuu wake.

"Taa hazijazimwa, mwana wakwa. Ni mchana. Kuna jua."

"Liko wapi?"

Kizee aliushika mkono wa Mbithe, akauvuta taratibu juu ya blanketi hadi pale kitambaa kilipokuwa na joto, akaulaza hapo.

"Hapa. Gusa. Liko hapa. Ni mimi nimefanya hivi, na zile kwinini."

Mbithe alipapasa blanketi. Alikunja uso, akageuza sikio.

"Sikusikii, Susu. Kuna kitu kinalia. Sema tena."

Syokimau akasema tena, yote, kwa sauti ambayo wadi nzima iliisikia.